Arubuni Isiyo na Tarehe

Kotile iko Ijara, kusini mwa kaunti ya Garissa, upande wa mashariki wa mto Tana. Mvua ikikolea, udongo mweusi wa sehemu hiyo hushika magurudumu hadi ekseli. Kiangazi kikirudi, njia zile zile huwa mchanga na makorongo. Gari la hapa leo hubeba maji, kesho hubeba mbuzi kwenda soko la mifugo la Garissa, na usiku wowote laweza kuitwa limkimbize Masalani mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi.

Kwa kazi kama hizo wenyeji walikwisha kukata shauri zamani. Wanataka Land Cruiser ya mfululizo wa 70, hasa pikapu, ile ya namba 79. Mfululizo huo ulianza kuuzwa mwaka 1984. Injini ya 1HZ, inayojulikana na kila fundi wa Garissa, iliingia mwaka 1990: mitungi 6, lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya dizeli ni ya mekanika tupu. Inastahimili dizeli ya mtungi iliyochujwa kwa kitambaa. Ikizima porini, huhitaji kompyuta kujua kinachoiuma. Springi zake za nyuma ni za majani, na jani likivunjika hupatikana jingine mjini siku hiyo hiyo. Wanaodhani mfugaji wa Ijara huitaka Land Cruiser kwa fahari hawajawahi kukwama kati ya Bura na Masalani gari likiwa na shehena.

Basi mtu huyo akitaka gari jipya, afanyeje? Hutoa arubuni, hutia sahihi fomu ya oda, kisha hungoja. Hupita mwezi, hupita msimu. Akipiga simu jibu ni lile lile: "Iko njiani, mzee." Nimezisoma fomu za oda za namna hii kwa miaka, na ninachotaka kusema katika safu hii ni kimoja. Uhaba wa gari hili una sababu zake, na nyingi hazimo mikononi mwa muuzaji wa Kenya. Lakini dhuluma anayofanyiwa mnunuzi haitokani na uhaba. Inatokana na kupokewa arubuni yake bila kuandikiwa tarehe, bila bei iliyofungwa, na bila kuambiwa pesa zake zitarudi lini gari lisipokuja.

Tuanze na uhaba wenyewe. Toyota ilitangaza mwaka 2019 kwamba Land Cruiser za aina zote zilizouzwa tangu mwanzo zimepita milioni 10, na kwamba kila mwaka huuza zaidi ya 400,000 katika nchi na maeneo yapatayo 170. Idadi hiyo ni kubwa, lakini sehemu ya mfululizo wa 70 ndani yake ni ndogo, na kwa miaka mingi umeundwa katika kiwanda cha Yoshiwara, Japani, kiwanda kinachounda pia Land Cruiser kubwa za kifahari. Sioni sababu ya kampuni kuongeza mtambo mpya kwa ajili ya gari lenye umbo la miaka 40, ambalo sheria za moshi za nchi tajiri zinalibana mwaka baada ya mwaka. Wanunuzi wake wakubwa wako Afrika, Australia, Uarabuni, migodini na katika mashirika ya misaada. Wote hao wanachota katika kisima kimoja.

Kisha ikaja miaka ya 2020 hadi 2023, miaka mibaya kwa kila muagizaji. Korona ilifunga viwanda. Chipu za kompyuta zikaadimika, na Machi 2021 moto ukaunguza sehemu ya kiwanda cha Naka cha kampuni ya Renesas, Japani, ambacho huzitengeneza chipu hizo kwa ajili ya magari. Hata gari lenye injini ya mekanika lina mifuko ya hewa na breki za ABS, na vitu hivyo haviendi bila chipu. Land Cruiser 300 ilipotoka mwaka 2021, Wajapani wenyewe waliifuata kwa wingi hata Januari 2022 Toyota ikaomba radhi hadharani: anayeagiza sasa aweza kungoja hadi miaka 4. Nchini Australia, katikati ya mwaka huo huo, Toyota ilisimamisha kupokea oda mpya za mfululizo wa 70, kwa kuwa zilizokwisha kupokewa zilikuwa zimezidi uwezo wa kuzitimiza.

Naitaja Australia kwa makusudi. Kukataa oda mpya ni uamuzi mchungu kwa mfanyabiashara, lakini ni uamuzi wa haki, maana anayeambiwa "hatupokei" hubaki na pesa zake mfukoni na uhuru wa kutafuta kwingine. Japani nayo ilichukua hatua nyingine: wanunuzi wa Land Cruiser 300 walitakiwa kutia sahihi ahadi ya kutoliuza gari hilo ndani ya mwaka wa kwanza. Sababu moja ilikuwa hofu ya magari hayo kusafirishwa kwenda maeneo yenye vikwazo vya kiusalama. Nyingine ni kwamba foleni ikirefuka, nafasi ndani ya foleni hugeuka kuwa bidhaa. Ndivyo ilivyokuwa Ujerumani Mashariki, ambako Trabant ilingojewa zaidi ya miaka 10 na iliyotumika iliuzwa ghali kuliko mpya, kwa sababu iliyotumika unaondoka nayo leo. Kenya haina ahadi ya namna hiyo. Dalali mwenye mtaji anaweza kuweka oda kadhaa, kisha akauza nafasi zake kwa mfugaji aliyechoka kungoja, kwa bei aipendayo yeye.

Msomaji wa Nairobi au Mombasa atauliza: kwa nini mtu wa Kotile asiagize lililotumika kutoka Japani, kama tunavyoagiza Probox, Fielder na Noah? Swali ni zuri, na jibu lake ndilo linaloitenga Ijara na Kenya nyingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na usukani sharti uwe kulia. Toyota iliacha kuuza mfululizo wa 70 nchini Japani mwaka 2004. Ikaurudisha kwa muda mfupi, kuanzia Agosti 2014 hadi katikati ya 2015, kuadhimisha miaka 30 ya gari hilo, kisha ikauondoa tena hadi Novemba 2023. Kwa hiyo zile za 2014 na 2015 zimekwisha kupita umri unaokubaliwa hapa, na zilizotoka baada ya hapo ni chache na changa mno kufika katika minada ya bei nafuu, tena zina injini nyingine ya lita 2.8 na gia za kujiendesha. Dubai zipo tele, ila usukani wake uko kushoto. Mlango unaowapunguzia Wakenya wengine dhiki ya gari jipya, kwa gari hili umefungwa.

Hilux na D-Max zipo. D-Max huunganishwa Nairobi na kampuni ya Isuzu, na anayeihitaji kwa barabara ya lami na murramu sina la kumzuia. Hata Hilux nazo zilikumbwa na mkasa wao: mwishoni mwa Januari 2024 Toyota ilisimamisha kwa muda usafirishaji wa aina 10 za magari, zikiwemo Hilux, Fortuner na Land Cruiser 300, baada ya kugundulika kasoro katika upimaji wa injini za dizeli za kampuni dada ya Toyota Industries. Aliyekuwa amechoka kungoja Land Cruiser akahamia Hilux alijikuta katika foleni nyingine.

Wengine husema dawa ni kuunganisha magari hapahapa. Pikapu ya 79 imekuwa ikiunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha AVA, kilichoanza kazi mwaka 1977. Faida ipo: vipande vya kuunganisha havitozwi ushuru wa forodha ule unaotozwa gari zima, ambao Julai 2023 ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Ajira zipo pia. Lakini vipande hivyo hutoka Japani ile ile, kwa mgao ule ule. Kuunganisha Mombasa kunapunguza kodi, na hakumsogezi mtu wa Kotile mbele katika foleni ya Yoshiwara.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo watu walipoumia.

Chukua gari ambalo gharama yake ni dola 50,000. Ni mfano wangu wa kupigia hesabu tu. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113, hivyo gari hilo ni shilingi 5,650,000. Mnunuzi akatoa arubuni, akajipangia mifugo ya kuuza gari likifika ili akamilishe. Dola ikaanza kuadimika benki. Waagizaji wakawa wanapewa kidogo kidogo, na oda zao nje zikachelewa kwa sababu hiyo pia. Kufikia Januari 2024 dola imekaribia shilingi 160. Gari lile lile sasa ni 8,000,000. Miezi michache baadaye, serikali ilipouza hati mpya za dhamana ya dola na kulipa sehemu kubwa ya deni la Eurobond lililokuwa likiiva, dola ikashuka hadi karibu 130, na gari likawa 6,500,000. Watu 3 walioagiza siku moja wangeweza kulipa bei 3 tofauti, na hitilafu kati yao ikapita milioni 2, kwa kufuata tu mwezi ambao meli ilitia nanga.

Fomu nyingi nilizozisoma zina kifungu kimoja kidogo: bei itakayotumika ni ile ya siku ya kukabidhiwa gari. Kwa kifungu hicho, hasara yote ya kuporomoka kwa shilingi na kila kodi inayopandishwa katikati ya safari huhamishiwa kwa mnunuzi. Muuzaji ameshika arubuni na hana hatari yoyote. Mnunuzi ndiye anayebeba mzigo wa sarafu, wa meli, wa kiwanda na wa Wizara ya Fedha, naye hajui hata mwezi.

Linganisha sasa na kilichokuwa kikitokea nyumbani kwake. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini na mashariki mwa Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ikafa nchini. Mfugaji aliyeuza ng'ombe ili atoe arubuni alikuwa ameokoa thamani ya hao aliowauza, hilo ni kweli. Lakini wale aliowabakiza ili wakamilishe bei ndio waliokufa, na bei yenyewe ilikuwa ikipanda wakati zizi linapungua. Akaishia na arubuni aliyoitoa, gari asiloweza kulikamilisha, na fomu isiyosema lolote kuhusu kurudishiwa. Kisha mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Niño, Tana ukavunja kingo, barabara ya Garissa ikakatika Madogo. Aliyekuwa angali akingoja gari lake alilipia ya watu kwa bei ya dharura.

Wafugaji wa Ijara wanazijua hasara za kungoja. Katika mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa mwaka 2006 na 2007, ambao uliipiga Garissa na Ijara kuliko sehemu nyingi, masoko ya mifugo yalifungwa na mtu tajiri kwa ng'ombe akakosa shilingi mkononi. Wala hawadai miujiza. Wanachodai ni kile ambacho sheria ya biashara wanayoifuata wao, ya Kiislamu, ilikwisha kukipatia jibu karne nyingi zilizopita.

Katika fiqhi, mtu akilipia leo kitu atakachopewa baadaye, hiyo ni salam, na miongoni mwa masharti yake ni muda unaojulikana. Bila muda, mkataba una gharari, yaani mashaka juu ya kinachouzwa au masharti yake, na mkataba wa gharari haukubaliki. Kitu cha kuundwa kiwandani huingia katika istisnai. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992, liliamua kwamba mkataba huo unazifunga pande zote, kwamba lazima utaje sifa za kitu na muda wa kukikabidhi, na kwamba inaruhusiwa kuweka fidia muuzaji akichelewa. Mwaka uliofuata, katika kikao cha Brunei, baraza hilo likaijadili arubuni yenyewe, na likaikubali kwa sharti kwamba muda wa kungojea uwekewe mpaka. Sidhani kuna mtu angeweza kulieleza tatizo la fomu zetu za oda kwa ufasaha kuliko hapo.

Benki za Kiislamu zimekuwepo Kenya tangu 2008, na katika murabaha benki sharti ilimiliki gari kwanza ndipo imuuzie mteja. Deni halianzi kabla gari halijawepo, na hilo ni himaya kubwa kwa mnunuzi. Nashauri watu wa Garissa waitumie nguvu hiyo. Benki inaponunua kwa niaba ya wateja wengi, yenyewe ndiyo inayotia sahihi na muuzaji, nayo ina mawakili na ina sauti. Iandike tarehe na fidia katika mkataba wake na muuzaji, badala ya kumwachia mteja akapambane peke yake.

Sheria ya Kenya nayo haijanyamaza. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inataja haki za mtumiaji, ikiwemo kupata habari za kutosha na kulindwa kiuchumi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema pasipowekwa muda wa kupeleka bidhaa, ipelekwe katika muda unaofaa. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inaigusa mikataba ya bidhaa za kutolewa baadaye. Na kwa arubuni isiyozidi shilingi milioni 1, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianza kazi 2021 na kwa sheria yake inatakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60. Haki zipo, lakini "muda unaofaa" ni maneno ya kubishaniwa mbele ya hakimu, na ushahidi mzuri kuliko wote katika ubishi huo ni tarehe iliyoandikwa na muuzaji mwenyewe.

Foleni hii pia haimhusu mfanyabiashara peke yake. Dadaab, katika kaunti hii hii, kumekuwa na kambi za wakimbizi tangu 1991, na mashirika yanayozihudumia hupata Land Cruiser zao kwa njia zao maalumu: kuna kampuni Gibraltar inayoweka akiba ya magari ya Toyota kwa ajili ya Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada, na Shirikisho la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lina kituo chake cha magari Dubai. Serikali kuu hukodi magari ya polisi kwa mikataba mikubwa tangu 2013. Sina ugomvi na polisi kupata magari, hasa katika njia za msitu wa Boni ambako mabomu ya kutegwa yameua wengi. Ila mwenye oda ya magari 100 husikilizwa kabla ya mwenye oda ya gari moja, na mwenye oda ya gari moja mara nyingi ndiye anayeishi mahali pasipo gari jingine. Hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, inayoihusisha Kotile na majirani zake, inalinda hirola, swala ambao duniani hawafiki 500. Askari wa hifadhi kama hiyo hawezi kuifanya doria yake kwa gari la mjini.

Lililo zito zaidi ni la ambulansi. Kaunti hununua kwa mwaka wa fedha unaoisha 30 Juni, na kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, idhini ya matumizi hukoma mwaka unapoisha. Pesa za mgao kutoka Nairobi huchelewa karibu kila mwaka, kwa hiyo oda hutoka Februari au Machi. Gari linalongojewa miezi 8 halitafika kabla ya Juni. Oda hubaki bila pesa, ikaingia bajeti mpya au ikageuka deni ambalo muuzaji amechoka kulidai, na mara nyingine muuzaji huyo huiweka kaunti mwisho wa foleni kwa sababu hiyo. Hapa lawama ni ya serikali, kuu na ya kaunti. Bunge la Kaunti ya Garissa linaweza kuidhinisha ununuzi wa magari ya afya kwa mpango wa miaka kadhaa, oda ikatolewa Julai, mwanzo wa mwaka, na zahanati za Ijara zikajua mapema gari lao ni la mwezi gani.

Kwa wauzaji nina ombi moja: andikeni tarehe. Mkishindwa kuitimiza, andikeni nyingine na mumpe mnunuzi hiari ya kuondoka na pesa zake zote. Mkijua mgao wa mwaka umekwisha, acheni kupokea arubuni, kama walivyofanya Australia.

Na wewe unayekusudia kuagiza, usitoe shilingi kabla fomu haijajazwa mambo manne kwa maandishi: mwezi wa kukabidhiwa, bei au kiwango cha juu ambacho haitakipita, nafasi yako katika orodha, na siku ambazo arubuni itarudishwa gari lisipofika. Mwombe muuzaji atie sahihi na muhuri kando ya kila moja. Akikataa hata moja, rudi nyumbani na pesa zako.